Kodi Tuliyotaka Ifutwe

Kwetu Bugarama, siku za msiba hakuna anayeshika jembe. Majirani wanashinda kwenu, na wanaume wasio na jembe mkononi wanabaki na kazi moja tu, kuongea. Mimi nilikuwa nimetoka Bisibo, nilikoolewa, nimekuja kumzika mdogo wangu wa kiume. Nilibeba maji, nilipakua chakula, na muda wote huo niliwasikiliza wakiongea kila kitu isipokuwa yeye. Nilikasirika. Leo nawaelewa kidogo, lakini siku zile nilikasirika kwelikweli.

Mdogo wangu alifia bondeni. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la maharage kwenda sokoni, akapita njia ya chini, ile inayoshuka nyuma ya migomba hadi kwenye kijito na kupanda tena ng'ambo. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko udongo uliteleza, baiskeli ikamvuta, wakaangukia mawe wote wawili, gunia likiwa juu yake. Barabara ipo, tena nzuri, inapita mgongoni mwa kilima. Lakini barabarani kuna geti la ushuru wa mazao, na ile njia ya chini watu wa kwetu waliichonga kwa nyayo zao ili kulikwepa geti hilo. Baba aliipita tangu ujana wake. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe mahali pa kukanyaga.

Gunia lililetwa nyumbani pamoja na mwili. Lilikuwa limelowa, na maharage yaliyolowa hayasubiri msiba uishe. Kwa hiyo siku ya mazishi uani palitandikwa turubai, maharage yakaanikwa, na waombolezaji wakawa wanalizunguka wakienda kuaga. Wifi yangu, mke wa marehemu, alitoka ndani mara kwa mara akayageuza kwa kiganja. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Asubuhi ya kesho yake tulikuwa wawili jikoni, tunawasha moto. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku ile mumewe alitaka kupita barabarani kwa sababu ya utelezi. Yeye ndiye aliyemwambia apite chini.

"Nilimwambia hela ya ushuru ni daftari za watoto," alisema. "Wifi, nilikosea?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ushuru ni ushuru, angefanyaje, kila mtu hapa hupita kule. Akaitikia kwa kichwa, akarudia maneno yangu polepole, ushuru ni ushuru, kama mtu anayejaribu kiatu kuona kama kitamtosha. Aliyashika maneno hayo. Mume wake alikuwa amekufa kwa ajili ya daftari za watoto, na hiyo angalau ilikuwa sababu.

Mchana wake baba mdogo akaanzisha mjadala. Baba mdogo anafanya kazi mpakani Rusumo, anawakimbizia mawakala wa forodha karatasi zao kutoka dirisha hili hadi lile, na tangu apate kazi hiyo anaongea utadhani sheria za kodi alizitunga yeye. Akasema, hebu serikali ije leo hapa uani, ituambie tuchague kodi moja tu ifutwe, tungefuta ipi? Kila mtu atoe yake na sababu zake. Akajiteua mwenyekiti. Wakachangamka, Mungu awasamehe.

Mmoja akataka ifutwe ile inayokatwa kwenye umeme, maana nyumba yake ina taa na redio tu, na bado inakatwa kama ghorofa. Mwingine akasema ni tozo za kutuma pesa kwa simu, kwamba akimtumia mtoto ada, njiani kuna watu wanaimega. Mzee jirani yetu akasimulia kodi ya kichwa ya zamani, jinsi walivyokuwa wanajificha kwenye migomba mgambo wakipita, na jinsi ilivyofutwa lakini yeye akaendelea kushtuka kila mbwa akibweka. Wakacheka. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, unaonekana kutoka pale walipokaa. Nilikuwa na ndoo ya maji mkononi na nilitamani niimwage katikati yao.

Baba hakucheka. Zamu yake ilipofika alilitazama lile turubai.

"Mimi wangenifutia ushuru ule wa geti," alisema. "Ungefutwa, mwanangu angepita barabarani."

Wote walijua nani alikuwa nyuma yao anapasua kuni. Ni kijana wa kilima cha pili, aliyesoma na mdogo wangu tangu darasa la kwanza, na ndiye anayekaa getini na mashine ya risiti. Alikuja siku ile ile ya kifo. Alichimba kaburi pamoja na wengine. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyempa kiti.

Baba mdogo akageuka, akasema kwa sauti ya mwenyekiti kwamba basi na mwenye ushuru ajitetee. Alitaka kumwaibisha, nilimwona usoni. Kijana akaweka shoka chini, akaja akachuchumaa mbele ya baba.

"Huo ulishafutwa, mzee," alisema. "Gunia la baiskeli halitozwi. Ni miaka sasa. Tunatoza wenye magari tu."

Baba akamuuliza mbona hatukuambiwa. Akajibu kwamba tangazo lilibandikwa pale pale getini, hata yeye aliposhika kazi alilikuta limeshapauka kwa jua. Sisi hatukulisoma kwa sababu hatukuwahi kufika getini. Tulikuwa tunapita chini. Baba akamuuliza tena kama na yeye hakuwahi kumwambia rafiki yake. Kijana akasema tangu apate kazi ile rafiki yake aliacha kumtembelea. Wakikutana kanisani walisalimiana, basi. Ya geti hawakuyagusa, kila mmoja akimwonea mwenzake aibu.

Mjadala ukaishia hapo. Mimi nilikuwa natazama mlango wa jikoni. Wifi alikuwa amesimama pale, ungo mkononi, na kwa jinsi alivyousahau ule ungo nikajua amesikia neno kwa neno. Akauweka chini. Akaenda kwenye turubai, akapiga magoti, akaanza kuyageuza maharage ambayo alikuwa ametoka kuyageuza. Nilimchukia yule kijana. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Angetudanganya tu, angesema ndiyo, natoza, ningemtoza, nisameheni.

Msiba ulipoisha maharage yalikuwa yamekauka, ingawa mengine yalishaota na tukayachambua tukawapa kuku. Wifi akayafunga kwenye gunia, akalipandisha kwenye baiskeli ile ile, usukani wake ukiwa umepinda. Nikamsaidia kusukuma. Hakuniambia tunapita wapi. Tulipofika njia panda alishika ya barabarani.

Kijana alituona kwa mbali. Kabla hatujafika alishainuka na kulipandisha gogo la geti, akatupa pole, akatuonyesha kwa mkono tupite. Wifi akasimamisha baiskeli chini ya gogo.

"Shemeji, nitoze," alisema.

Kijana akamwambia hakuna malipo, apite tu.

"Angalia vizuri. Ni gunia zima."

Kijana akatikisa kichwa. Wifi akafungua fundo la kitenge chake, akatoa hela zilizokunjwakunjwa, akamnyooshea. Nilizijua, ni zile za daftari. Kijana akanitazama mimi, anaomba msaada, na mimi nikaishikilia baiskeli isianguke. Nyuma yetu lori lilikuja likasimama, likaanza kupiga honi.

"Nitoze," wifi alisema tena. "Nitoze hata kidogo."

Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Kijana alikuwa amelishikilia lile gogo juu kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, na zile hela hakuzipokea.