Siku mtani alipolala kwenye tuta mbele ya Bwana Shauri

Wakuu, salaam kwenu.

Wengi wenu humu mna umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa. Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa miaka mingi, na huu ndio uzi wangu wa kwanza. Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo typing errors mnivumilie.

Najua mtu akisema "true story" mnamjibu "chai". Sawa, iiteni chai. Mimi nilikuwepo, nimesimama kwa miguu yangu, nina mimba ya mwanangu wa kwanza.

Kilichonitoa mafichoni ni ile thread ya "wananchi walishirikishwa". Mmoja anasema mkutano ulifanyika, hakuna aliyepinga, basi watu waliridhia. Mwingine badala ya kujibu hoja anamtukania mama yake. Nikasema ngoja niwahadithie niliyoyaona Uluguru, miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru.

Kwanza mjue jambo moja. Sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Wanaume mlioanza kununa, nuneni tu, mila hiyo sikuitunga mimi.

Mama yangu alikuwa mjane. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko juu ya Kilakala, mkali kiasi kwamba ukiangusha boga unalifuata bondeni. Alilima maharage, mahindi na migomba kidogo.

Kaka yake, Mjomba Fabiani, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wetu. Serikali ya Mwingereza nayo ikamfanya jumbe wa kijiji, ikampa na kofia nyekundu. Alikuwa mtu mpole, anataka kila mtu ampende, mzungu ampende na sisi tumpende. Haiwezekani, lakini yeye alijaribu.

Basi siku moja Bwana Shauri akapanda mlima. Bwana Shauri, kwa msiojua, ni mkuu wa wilaya wa wakati ule. Baraza likaitwa. Akasema mvua inakokota udongo wa milima yetu, na kwa hilo hakusema uongo. Dawa aliyokuja nayo ni kila kaya ichimbe matuta ya ngazi shamba zima.

Karani akatafsiri. Kisha Bwana Shauri akauliza, nani ana neno?

Watu kimya.

Sasa kwetu, mgeni akikuletea jambo zito humjibu pale pale. Kumpinga mgeni usoni ni utovu wa adabu. Unanyamaza, unarudi nyumbani, mnateta wenyewe kwa wenyewe, halafu jibu linapelekwa kwa mjomba naye analifikisha. Kimya chetu kilikuwa na maana kwamba tumesikia na bado hatujakubali.

Bwana Shauri akashuka mjini akidhani tumekubali.

Mjomba aliijua maana ya kile kimya kuliko mtu yeyote pale. Jibu lilipomfikia, hakulipeleka kokote.

Tukachimba. Jamani, tulichimba mpaka viganja vikachubuka. Udongo mweusi wa kwetu ni mwembamba kama blanketi la maskini. Ukichonga ngazi unaufukia ule mweusi, unapandisha juu ule mwekundu usioota kitu. Maharage ya Mama yalitoka manjano, yakadumaa. Mvua kubwa zilipokuja, ngazi zenyewe zikaporomoka. Msimu ule tulikula ndizi mpaka tukazichukia.

Mama akaweka jembe chini. Mjomba alipokuja kumbembeleza, nilikuwepo jikoni.

"Kaka, shamba hili alilima mama yetu," Mama akamwambia. "Mimi sichimbi tena. Nikishalizika lote, hawa wanangu watakula nini?"

"Dada, usinifanyie hivyo. Nimeshawapeleka wenzako mahakamani kwa kosa hilo hilo. Nikikuacha wewe, nitawatazama vipi ndugu zao?"

"Ungewaacha na wao."

Waliogoma walikuwa wanafungwa kule mjini, na sasa zamu ilikuwa ya dada yake wa tumbo moja. Akimtaja, amemfunga. Asipomtaja, cheo chake cha ujumbe kimekwenda na pengine jela anaingia yeye. Siku zile nilimchukia mjomba wangu, nasema wazi. Nilikuwa nikimwona anakuja njiani, nageuza uso.

Baraza la pili Bwana Shauri aliliitisha pale pale shambani kwa Mama, ili watu wote waone matuta yaliyoachwa nusu. Alikuja na karani na askari. Mama alisimama pembeni na wanawake wenzake, mikono kifuani.

Karani akatafsiri swali. "Jumbe, shamba hili ni la nani, na kwa nini halijamalizwa?"

Mjomba akamtazama Mama.

Hapo ndipo alipotokea Apolonia, mtani wetu.

Vijana, utani mnaoujua nyinyi ni wa mpira. Utani wetu ulikuwa mzito. Ukoo wa Apolonia na ukoo wetu walikuwa wanazikana. Mtani ndiye anayeosha maiti yenu, na msibani kwenu anaruhusiwa kusema lolote na kumsema yeyote. Apolonia alikuwa na mchezo wake unaojulikana mlima mzima. Jeneza likiwa linasubiri, anajitupa kaburini na hatoki mpaka wafiwa wampe anachodai. Padri alikuwa anakasirika mpaka masikio yanawiva. Lakini mtani hakasirikiwi, na anachodai hanyimwi.

Siku hiyo alikuja amejifunga shuka jeupe mwili mzima. Akapita katikati ya watu, akapita mbele ya askari, akashuka kwenye mtaro wa tuta lililoachwa, akalala chali.

"Fabiani! Nimekuja msibani kwako! Kaburi mmelichimba refu namna hii, linazunguka mlima, tutaenea wote humu. Marehemu ni shamba la dada yako. Mbona hulii?"

Watu wakacheka. Mtani akifanya vituko ni lazima ucheke, ndiyo mila. Karani akamnong'oneza Bwana Shauri kwamba huo ni mzaha wa wenyeji, naye akatabasamu, akatazama saa yake.

Wakuu, moyo uliniuma sana. Neno tulilokuwa nalo vifuani miezi yote limesemwa, na sasa linaliwa na kicheko.

Ila Mjomba hakucheka.

"Apolonia, toka humo."

"Sitoki mpaka nilipwe."

"Nikupe nini? Kuku?"

"Kuku mpelekee mzungu wako. Nipe hiyo kofia."

Kicheko kikakatika.

Akimnyima, amevunja utani, na mtu aliyevunja utani nani atamzika? Akimpa, amevua ujumbe mbele ya serikali.

Mjomba akaivua. Akashuka mtaroni, akamwekea Apolonia kifuani kwa mikono miwili. Akapanda tena, akageuka kwa watu akiwa kichwa wazi.

"Ndugu zangu, siku ile mliponyamaza mlikuwa mmekataa. Nilijua. Mkaniletea na jibu, nikalikalia. Leo nalitoa."

Akamgeukia karani. "Mwambie. Neno kwa neno, usipunguze."

Baada ya hapo watu wakafunguka. Mzee mmoja akasema jinsi maharage yake yalivyokufa. Mwingine akaonyesha kwa kidole ngazi zilizoanguka. Mume wangu, ambaye hata chakula kikipungua chumvi alikuwa anaona aibu kusema, naye akasema. Karani akawa anatafsiri huku sauti inamkauka.

Bwana Shauri akawa mwekundu. Akauliza, kama huyu si jumbe tena, yeye azungumze na nani hapa?

Mama akatoka kwenye kundi la wanawake.

"Zungumza na mimi. Shamba ni langu."

Karani akasita. Mama akarudia, taratibu, kama anamwelekeza mtoto njia. Ikabidi atafsiri.

Msidhani mambo yaliishia kwa vigelegele. Askari waliwachukua wote wawili, kaka na dada, tukawasindikiza mpaka mjini tukilia njia nzima. Mama aliachiwa mapema. Mjomba alikaa zaidi, akarudi amekonda na kikohozi ambacho hakikumwacha tena.

Baadaye milima yote ilichafuka, watu wakakataa hadharani, na amri ya matuta ikafa. Shamba letu lilichukua muda kupona. Mama na Mjomba walikuwa wanapandisha udongo mweusi kutoka bondeni kwa vikapu, mmoja mbele mmoja nyuma.

Nilichojifunza ni kwamba kujaza watu kwenye mkutano siyo kuwashirikisha. Kila jamii ina namna yake ya kusema hapana, na anayekuja kuuliza ajifunze kwanza namna hiyo. Na wale mnaowasemea wengine, jibu mliloletewa likikaa tumboni mwenu, anayelala njaa ni mwingine. Utani nao ni mzuri, mimi mwenyewe napenda memes zenu, lakini mkishacheka, mmoja wenu aache kucheka ajibu.

Nilipata kumuuliza Mjomba akiwa mgonjwa, kama aliijutia ile kofia. Akakohoa weee, kisha akasema, "Kofia walimpa mtu mwingine kesho yake. Dada ningempata wapi mwingine?"

Nikalia mbele yake, na chuki yote niliyokuwa nimembebea ikaishia pale kitandani.

Uwanja ni wenu wakuu, ulizeni, pingeni, hata kunibishia ruksa. Ila kama kwenu bado yupo bibi aliyeyaona mabaraza yale, mpigie simu leo, kisha uje uandike hapa alichokwambia. Tuliobaki tunaisha.