Barua ya Posa Iliyofungia Maandazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, barua ya posa ilifika kijijini Mgori ikiwa imefungia maandazi manne, na aliyeifikisha huko ni mimi, ingawa siku hiyo sikutoka kabisa hapa Utemini. Usicheke bado. Nitakueleza polepole, maana umeniambia umepata meza yako ya kutengeneza simu na kompyuta pale mjini, na kabla sijakupa bisibisi zangu nataka kwanza nikupe aibu yangu. Bisibisi utazipata popote.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilianza na redio, kama mafundi wengi wa wakati wangu. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka yamejaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na kompyuta za mtumba zikaanza kuingia Singida moja moja, zikifunikwa vitambaa vya kufuma ili vumbi lisizipate. Vumbi lilizipata tu. Upepo wa hapa unaujua wewe mwenyewe. Basi aliyeweza kuifungua kompyuta, akaifunga tena na ikawaka, alikuwa mtu mkubwa mjini. Nilikuwa nasalimiwa na watu nisiowajua, na kichwa kikavimba.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa Mama Sada. Huyu mama alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali kwa miaka mingi, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa. Akachukua kiinua mgongo chake, akanunua kompyuta iliyotumika na printa ya kelele, ile ya kulia kama mashine ya kusaga, akafungua chumba cha kuchapa karibu na stendi. Watu walimletea maombi ya kazi, wosia, barua za malalamiko, na barua za posa. Kwa posa alikuwa na sifa ya pekee. Kijana angeweza kufika na maneno matatu ya kubabaika, akaondoka na barua inayoweza kusomwa mbele ya wazee bila mtu kuona haya.

Siku hiyo kompyuta yake iligoma kuwaka. Akaniletea pamoja na printa, akaniambia, "Fundi, itazame, kesho nina wateja." Nikaifungua, nikakuta feni imekabwa na vumbi na waya mmoja umelegea. Kazi ya nusu saa. Ikawaka, nami nikafurahi kweli, maana furaha ya kitu kilichokufa kuamka mikononi mwako haizoeleki hata ukizeeka.

Fundi akimaliza lazima ajaribu. Hapo hakuna kosa. Kosa ni nilivyojaribu. Ningeweza kuandika jina langu, nikaona kama linahifadhika, nikalichapa, nikalifuta. Mimi nikafungua mafaili ya Mama Sada. Nikafungua la kwanza, nikafunga. La pili, nikafunga. La tatu nikacheka mpaka fundi viatu wa jirani akaniuliza kuna nini.

Ilikuwa rasimu ya barua ya mwalimu Elia, kijana aliyekuwa akifundisha shule ya msingi Issuna. Alikuwa amempenda Rehema, binti wa Mzee Ntandu wa Mgori, binti aliyekuwa akija Issuna kumtembelea shangazi yake. Mwalimu alikuwa anamwogopa mno huyo baba mkwe mtarajiwa, na kwa hofu yake akawa amesema kila kitu. Nakumbuka mstari mmoja neno kwa neno: "Naomba mzee asomewe barua hii baada ya chakula, maana Rehema ameniambia baba akishashiba hana neno." Bila shaka Mama Sada angeuondoa mstari ule. Alikuwa bado hajamaliza kazi yake.

Nikamsomea fundi viatu. Tukacheka wote wawili. Halafu, kwa kuwa nilitaka kuijaribu na printa, nikaichapa barua hiyohiyo, nikaitazama wino ukoje, nikaitupa kwenye boksi la karatasi chafu. Wala sikuwaza tena habari zake.

Sasa boksi lile lilikuwa na mwenyewe. Mama Pili, muuza maandazi, alikuwa na mapatano nami: mimi nampa karatasi zilizotumika za kufungia, yeye ananipa maandazi mawili kila asubuhi. Alikuwa akikaa palepale magari ya Mgori yanapopakia. Unaona barua inavyotafuta njia yake? Asubuhi iliyofuata akamfungia abiria mmoja maandazi manne. Abiria akala, akabaki na karatasi yenye mafuta mkononi, safari ni ndefu, akaanza kusoma. Akasoma kwa sauti. Wakamwambia arudie. Gari lilipofika Mgori kila aliyekuwemo alikuwa ameikariri.

Wazee wenzake Mzee Ntandu hawakumwonea huruma. Alipopita kwenye mashine ya kusaga wakamwuliza, "Ntandu, leo umeshashiba?" Alipofika msibani wakamsogezea sahani, "Kula kwanza, mzee, tuna jambo la kukuambia." Hapo ndipo akaijua habari yote: kwamba binti yake ana mchumba, kwamba mambo ya nyumbani kwake yanasimuliwa Issuna, na kwamba barua aliyoandikiwa yeye imesomwa na watu wa kwenye gari kabla yake. Akasema mbele ya watu kwamba kwa huyo mwalimu hapokei barua, wala mshenga, wala salamu. Rehema akalia siku mbili. Mwalimu, alipopata habari, akaacha kula.

Mimi sikujua lolote. Nilimwona tu Mama Sada akiingia kibandani kwangu, hana haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine inafanya kazi vizuri. Asante." Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka mezani. Ilikuwa na mafuta. "Hii imerudi na gari la Mgori. Umeiona wapi?"

Nikaitambua. Nikasema haraka, "Nilikuwa najaribu printa tu, mama. Karatasi yenyewe nilishaitupa."

"Sawa. Barua zilizomo mle ni nyingi. Mbona mkono wako ulichagua hii?"

Mwanangu, nikaanza kupanga bisibisi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akanieleza yaliyotokea Mgori, yote, bila kupandisha sauti. Kisha akasema, "Nimechapa barua za wakubwa miaka kumi na minane. Nilijua nani anahamishwa, nani anashtakiwa, nani ameomba nini. Siku waliyotupunguza kazi waliniachisha meza na kiti. Mdomo niliondoka nao umefungwa, na ndiyo mtaji niliofungulia chumba changu. Watu hawaji kwangu kwa sababu ya kompyuta, fundi. Wanakuja kwa sababu ya mdomo."

Afadhali angenifokea. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwuliza nifanye nini. Akasema, "Mimi nitamwomba radhi mwalimu, kwa kuwa aliniamini mimi. Wewe nenda Mgori."

Nikaenda, kwa baiskeli, maana kupanda lile gari nilishindwa. Nilimkuta Mzee Ntandu nyuma ya nyumba anakarabati mizinga yake ya nyuki. Mtu mrefu, mikono mikubwa, hana maneno. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Nikamwambia mimi ndiye fundi wa kompyuta, kwamba mwalimu hakumwonyesha mtu barua ile, kwamba Rehema hana kosa, kwamba ni mimi niliyeingia mahali nisipoitwa na kukitoa nje kisicho changu. Nikasema akitaka kumkataa mtu anikatae mimi.

Akagongagonga mzinga. Halafu akaniuliza, "Ulipoisoma, ulicheka?"

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa. "Nilicheka, mzee."

"Ulicheka wapi?"

"Pale pa kushiba."

Ndani ya nyumba mtu akaangua kicheko. Alikuwa mkewe, alikuwa anasikiliza dirishani muda wote. Alicheka mpaka akakohoa, akasema kutoka humohumo, "Baba Rehema, si kweli? Si kweli?" Nikamwona mzee anauma midomo, anatazama pembeni, anautazama mzinga, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka naye. Mimi sikuthubutu, nilisimama tu nimeshika kofia.

Alipotulia akanyoosha kidole. "Sikiliza. Karatasi iliyofungia maandazi kwangu si barua. Kwa hiyo mimi bado sijapokea barua yoyote ya kukataa wala kukubali. Umeelewa? Huyo mwalimu aandike nyingine. Mshenga wake aje nayo kama desturi ilivyo, lakini atakayeibeba njiani ni wewe. Utapanda gari lile lile. Ikifika hapa imefunguliwa, au ukinong'ona neno moja, basi yameisha. Na nitakuuliza inasema nini."

Nilirudi Singida nikipiga pedali kama mwendawazimu kwa furaha.

Mwalimu Elia alikuja siku ya Jumamosi kuandika upya. Sikuwa na haja ya kuwepo, lakini kompyuta ile, kana kwamba imetumwa, ikagoma katikati ya barua. Wakaniita. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Mama, naomba ufunge faili kwanza." Akasema haifungiki, kioo kimeganda, maneno yako palepale. Basi nikamwomba kanga yake, nikakifunika kioo, nikafanya kazi yangu kwa nyuma huku yeye amekaa ubavuni anaangalia kila ninachoshika. Ilipowaka tena nikaandika jina langu, nikalichapa, karatasi nikampa yeye. Mwalimu alikuwa akinitazama kwa wasiwasi tangu mwanzo. Hapo akatabasamu kidogo.

Bahasha ilipofungwa kwa gundi nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Nikapanda gari na mshenga, ambaye alikuwa baba mdogo wa mwalimu, mzee mcheshi sana. Abiria walinijua. Walikuwa wananisubiri!

"Fundi, safari hii anamwombea mzee chakula gani?"

"Sijui."

"Tusomee mstari mmoja tu, mwanetu, safari ndefu."

"Sijui inasema nini, mama."

Mama Pili mwenyewe alikuwa amenirushia maandazi dirishani, yamefungwa kwenye gazeti, akisema, "Ya kulainisha ulimi!" Gari zima likacheka, nami nikacheka nao. Unajua kwa nini nilicheka? Kwa sababu nilikuwa nasema kweli. Sikujua, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko siku niliyojua.

Mzee Ntandu alikuwa amekaa uani na ndugu zake. Tukakaribishwa, tukala kwanza, na hakuna aliyethubutu kutaja neno kushiba, ingawa niliona watu wakikanyagana miguu. Mshenga akasema maneno ya desturi, nami nikatoa bahasha nikaipokeza kwa mikono miwili.

"Inasema nini?" mzee akaniuliza.

"Sijui, mzee."

"Hujui?"

"Sijui."

"Kijana, wewe si ndiye fundi wa ile mashine?"

"Ndiye mimi, mzee. Mashine naijua. Barua siijui."

Akaigeuza bahasha, akakagua gundi pande zote, akaifungua. Akasoma kimya, taratibu, kidole kikipita chini ya maneno. Mahali fulani akasimama, akamtazama mkewe, akarudi kusoma. Kisha akacheka peke yake, akaikunja, akaitia mfukoni. "Mwambieni mwalimu aje na wazee wake," akasema. Vigelegele vilipopigwa ndani, sauti ya kwanza ilikuwa ya Rehema mwenyewe, mama yake akamziba mdomo.

Mpaka leo sijui barua ile ilisema nini. Kwenye harusi nilikaa meza moja na Mama Sada na sikumwuliza. Mwalimu na Rehema sasa wana wajukuu, kila mwaka wananiletea asali, na barua nasikia bado ipo. Sijaiomba. Watu wa Mgori ndio walionibandika jina la Fundi Sijui, na wageni hushangaa kwa nini mtu mwenye jina hilo analetewa mashine na mji mzima. Watumishi waliniletea kompyuta zao, wafanyabiashara vilevile, wachungaji na masheikh. Waliniletea kwa sababu ya siku ile kwenye gari.

Basi mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Mtu anayekuachia simu yake anakuachia ugomvi wake na mkewe, picha za mtoto wake aliyefariki, majibu yake ya hospitali, na maombi yake ya kazi aliyokataliwa. Amekuita utengeneze kitasa, hakukuita utembee vyumbani. Mwulize kabla hujagusa kitu kinachohitaji kufunguliwa, na ikiwezekana akae pembeni yako aone. Unapojaribu, jaribu kwa maneno yako mwenyewe. Ukichapa karatasi, mrudishie au ichane. Ukiona kitu kwa bahati mbaya, na utaona tu, maana macho hayana kifuniko, kiishie hapohapo ulipokiona, usimpelekee fundi viatu. Na ukishakosea, maana wewe ni kijana na utakosea, usiseme karatasi ilishatupwa. Chukua baiskeli uende.

Haya, njoo uchukue bisibisi. Ile ndogo ya mpini mwekundu ndiyo niliyofungulia mashine ya Mama Sada, itunze. Mungu akupe mikono myepesi na wateja wasiokauka. Akupe siku utakayoulizwa mbele ya gari zima umeona nini, ujibu hujui, na iwe kweli, ucheke nao mpaka mwisho wa safari.