Namba Moja ya Avenue Yetu

Asubuhi hii, sokoni Flagey, huku ughaibuni, nilifungua kitabu kikuukuu, na harufu ya karatasi iliyokaa kwenye unyevu ikanirudishia hasira ya utotoni.

Papa alikuwa na kitabu kama hicho, kinene, cha Kiingereza, kilichoorodhesha santuri za zamani za Marekani na kuzipanga kwa jinsi zilivyopendwa. Yeye Kiingereza hakukijua; mimi nilikuwa nakisoma shuleni. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa alinikalisha nimsomee, huku wenzangu wakipiga kelele chini uwanjani.

"Ile santuri yetu iko ya ngapi?" aliuliza.

"Quarante-deux, papa, arobaini na mbili. Hata dimanche ya kupita ilikuwa quarante-deux."

"Futa. Andika moja."

"Papa, kitabu njo inasema hivyo."

"Bantu benye kuandika hii kitabu habakukuya kwetu kuuliza. Avenue muzima, mtaa wote, tulikuwa na gramofoni moja, na disque moja. Bon, ya kwanza ilikuwa gani?"

Nilifuta kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka, nikaandika moja pembeni. Jumapili iliyofuata akaniuliza tena, na iliyofuata tena, kana kwamba hajui jibu. Nilisoma: moja. Alifumba macho, akaomba nirudie.

Leo, katika kitabu hiki cha sokoni, nimeutafuta wimbo ule ukurasa kwa ukurasa, nikaukuta pale pale, quarante-deux, kwenye karatasi safi isiyo na tundu.

"Madame, hicho kitabu bado si chako," muuzaji akaniambia kwa Kifaransa.

Nilikuwa nimeshatoa penseli.