Pikapu ya Posa na Mgongo wa Mzee M'Imanyara

Siku moja naikumbuka kwanza kwa sauti, mwanangu, ndipo naiona kwa macho. Ilikuwa sauti ya chuma kugonga chuma, kule chini kwenye laga, ule mto mkavu karibu na kwetu Mbeere. Mbuzi wetu walitimka, na nyanya yangu Ciarunji akaacha kupepeta pojo. "Ni nini hiyo?" akauliza. Mimi nilijua. Walikuwa wageni wangu kutoka Githongo, wanakuja kuniposa.

Nimekuita kwa sababu nimesikia umepeleka pikapu yako Majengo ishushwe, ilale karibu na lami kama za vijana wenzako. Usininunie. Sikukatazi. Gari likiwa chini linapendeza, hata mimi nina macho, na mwanamume aliyenioa alinijia na gari lililolala chini kuliko hilo lako. Keti tu nikueleze yaliyotupata.

Miaka hiyo kahawa ilikuwa imelipa vizuri, na babu yako Kirimi alikuwa na pikapu ndogo ya Kijapani. Aliitumia kubebea ndizi hadi soko la Gakoromone. Alipojua atakuja kwetu na wazee, akataka kung'aa. Akaenda kwa fundi mmoja wa Majengo, Salimu, akamwambia aishushe hadi mwisho. Salimu akapunguza majani ya springi, vile vyuma bapa vinavyobeba gari, pikapu ikashuka.

Sasa chini ya gari, pale ekseli ya magurudumu inapotazamana na chesisi ya gari, kuna kipande cha raba nene. Wengi hawakijui hadi siku kinapokosekana. Springi ikizama hadi mwisho, ile raba ndiyo hupokea pigo, chuma kisikutane na chuma. Pikapu ya Kirimi iliposhushwa ikawa inagusa raba hata ikiwa tupu. Kirimi akaona raba inamharibia urembo. "Kata hiyo kitu," akasema. Salimu alinung'unika kidogo kisha akakata. Mteja ni mfalme, na mfalme huyo alikuwa na haraka ya kuoa.

Ikiwa tupu, kwenye lami ya Meru, pikapu ilitambaa vizuri ajabu. Lakini kwenda kuposa huendi mikono mitupu. Walipakia kondoo dume, kreti za soda, wazee watatu nyuma na shangazi mmoja mbele, na asali. Asali, mwanangu! Kutoka milimani kuwaletea asali Wambeere, watu wanaotundika mizinga kwenye kila mti! Kaka zangu walicheka wiki nzima. Lakini ndiyo desturi ya Wameru, posa bila asali si posa, nasi tuliiheshimu.

Asali hiyo ilikuwa mikononi mwa Mzee M'Imanyara, baba mkubwa wa Kirimi. Ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki, na ndiye aliyechaguliwa kusema kwa niaba ya ukoo. Walimpa kiti cha mbele akakataa. Alisema asali ya mwanawe hataiacha nyuma ibingirike na kondoo. Akaketi juu ya gunia, karibu na gurudumu, mtungi katikati ya magoti. Kwa hiyo pikapu ilipogonga kwenye laga, pigo lote lilipita kwenye ekseli, likapita kwenye chesisi, likaishia kwenye uti wa mgongo wake.

Walipofika uani, Kirimi alishuka viatu viking'aa. Nyuma hakuna aliyeshuka. Wanaume wawili ikabidi wampandie yule mzee. Uso wake ulikuwa wa majivu. Kabla hajakubali kuinuliwa alimpa kaka yangu mtungi. "Shika. Haijamwagika," akasema. Kisha wakamshusha, na hakuweza kunyooka.

Tulimlaza kwenye kitanda cha nyanya, tukamkanda kwa maji ya moto. Chakula kikaliwa. Msemaji amelala, sasa nani aseme? Nyanya Ciarunji akainuka na fimbo yake, akaenda kwenye pikapu, akainama akachungulia chini, akaona pale vyuma vilipogongana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nyanya hakuona haya kuinama. Akarudi akasimama mbele ya Kirimi.

"Kijana, huyu mzee ndiye alikulea?"

"Ndio, cucu."

"Na ndivyo unavyombeba hivi. Sasa msichana wetu, ambaye hata hujamzoea, utambeba namna gani?"

Nilikuwa nachungulia kutoka jikoni, na nakwambia wazi, nilimchukia nyanya saa ile. Nilimpenda yule mwanamume. Lakini nilimsikia mzee akigumia chumbani, na moyo wangu ukakosa pa kusimama.

Baba akasema kwa upole, "Hatujakataa. Chakula tumekula pamoja. Lakini leo hatuwezi ongea mambo ya mahari na mzee amelala. Enda utengeneze hiyo gari, halafu urudi."

Asali ikarudi nao. Kama ingebaki, ningejua nimeposwa. Nililia jikoni hadi moto ukazima. Mzee M'Imanyara walimlaza mbele juu ya godoro letu, na Kirimi akaendesha mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu hadi walipopotea.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Alienda kwa Salimu amefura. Salimu naye akafura. "Si ni wewe ulisema nikate?" Wakagombana mbele ya wauza nyama wa pale jirani hadi adhana ikalia. Salimu akaenda kuswali, akarudi amepoa. "Haya, lala chini tuangalie pamoja," akasema. Wakalala chali chini ya pikapu, bega kwa bega. Waliona pale ekseli na chesisi zilipokuwa zikipigana, rangi imeisha, chuma kinang'aa. Shoki nazo, zile za kutuliza mtikiso, zilikuwa zile ndefu za gari lililoinuka. Gari likishuka zilikuwa zinafika mwisho wake ndani kwa ndani, mafuta yameanza kuvuja.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Salimu alirudisha jani moja la springi kila upande. Pikapu ikabaki chini, ila si kwa kulala kabisa. Akaweka shoki fupi zinazolingana na kimo kipya. Kisha akachonga raba mpya, fupi kuliko zile za kwanza, nyembamba nchani na nene kwenye shina, ili ianze kubonyea polepole kabla ya kukaza. Baada ya hapo akawaita wauza nyama wapande nyuma, wale wanene kwanza! Pikapu ikazama kwa uzito wao. Salimu akaingiza mkono kati ya raba na chuma, vidole vitatu vikapita. "Hapo sasa iko na pa kupumulia," akasema.

Waliporudi kwetu, Mzee M'Imanyara alikuwa mbele, mto nyuma ya mgongo. Laga hatukuisikia safari hiyo. Hata hivyo baba alitaka kuhakikisha, akamwambia kaka yangu apande nyuma warudi kuipita tena. Sijui ulimi wangu niliupata wapi. Nikasema, "Mimi ndiye nitabebwa. Wacha nipande mimi."

Wasichana wa wakati huo hawakusema hivyo mbele ya wakwe. Nyanya akacheka. "Mpisheni apande," akasema.

Nilipanda na kaka zangu na magunia mawili ya mawele, nikaketi pale pale alipokuwa ameketi mzee. Kupitia kioo niliona mabega ya Kirimi yamekakamaa kama mtu anayengoja kupigwa. Laga ikaja. Pikapu ikazama, ikazama zaidi, nikafumba macho, nikahisi kitu laini kikitupokea na kutuinua tena. Akasimamisha gari ng'ambo, akazunguka nyuma kuniangalia.

"Meno yangu yote yapo," nikamwambia. "Rudi nyumbani ukaongee na baba."

Asali ikabaki kwetu jioni hiyo. Mzee M'Imanyara alisema maneno yote akiwa ameketi, kwa sababu kusimama hakuweza. Na hakupona kabisa, mwanangu. Kila baridi ya Julai ilipoingia Githongo nilimkanda mgongo ule kwa mikono hii hadi alipotutoka, na hakuna siku alimlaumu babu yako. Kirimi alikuwa akisimama mlangoni, ananitazama nikimkanda, kisha anatoka nje. Raba ilirudi kwenye gari. Mgongo haukurudi.

Basi sikia. Shusha pikapu yako ukitaka, lakini usimwache fundi akate raba ya chini hata kama inagusa. Ikigusa, gari limeshuka kupita kiasi, liinue kidogo, au utafute raba fupi ya kulifaa. Shoki zilingane na kimo. Lipime likiwa limejaa, usilipime tupu. Na wenye haraka ya kupendeza huumiza wasio na haraka, kwa maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na dereva hukaa penye kiti laini. Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, mpe mtu mwingine usukani, wewe ukae nyuma karibu na gurudumu, mkapite barabara mbovu kuliko zote unazozijua. Ukishuka umenyooka, mlipe.

Ukiwa na mke, na watoto, na wazee wa kutunza, fanya vivyo hivyo: kaa kwanza mahali pao ndipo uamue.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe watu wengi wa kubeba, na kila utakayembeba ashuke mwenyewe, kwa miguu yake, akicheka.