Balbu Niliyokabidhiwa Tabora

Harufu ya asidi ya betri hunichosha. Juzi fundi alifungua betri kwenye baraza la jirani, ule ukali ukanipanda puani, na mara nikawa na miaka saba tena, kwenye njia ya Kaliua, jua la kiangazi linatuunguza na gari limekataa.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki na kijifriji, nalo baba aliachiwa na mtalii mmoja aliyechoshwa na barabara zetu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Igalula. Umeme wa magari alijifunza kwa kusoma vitabu na kuungua vidole. Alilipenda gari lile kuliko lilivyostahili.

Safari ilikuwa ya bibi, mzaa mama. Dada yake wa Kaliua alikuwa taabani, na habari zilisema anamuulizia yeye tu. Treni ilikuwa bado siku tatu. Baba akasema gari lipo, kesho tutakuwa tumefika. Mama alibaki nyumbani na mtoto mchanga.

Bibi alikataa kukaa nyuma kwa sababu palimtia kichefuchefu, ikawa tabu, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawabanani kwenye kiti kimoja wala hawatazamani usoni. Nikawekwa katikati kama ukuta, na maneno yote yakapitia kwangu.

"Muulize baba yako, hiyo taa nyekundu inayowaka kila akizungusha ufunguo ni ya nini?"

"Mwambie bibi yako ni ya kawaida. Gari likiwaka, yenyewe inazimika."

Nilirudia kila neno kama kasuku, ingawa walikuwa wakisikiana vizuri kabisa. Bibi hakuridhika. Kila tulipoondoka mahali aliikodolea macho taa ile, akajitandia kanga upya na kumtaja Mungu. Chekundu hakiwaki bure, alisema. Baba, ambaye alinyamazisha darasa zima kwa jicho moja, hakuwa na ujasiri wa kubishana na mkwewe. Tulipofika Tabora mjini, bibi akiwa anaswali adhuhuri, alipenyeza mkono nyuma ya dashibodi, akaichomoa balbu na kuniwekea kiganjani.

"Tunza hii. Na bibi yako asijue."

Nikaifunga kwenye pindo la gauni. Nilijiona mtu mzima.

Alasiri gari likaanza kukohoa, likazimika hatujaiona hata Urambo. Baba akakaza mkanda wa injini, akakwangua vichwa vya betri, akafuata nyaya moja moja akiwa amelala mavumbini. Alifungua hadi altaneta, mtambo unaochaji betri, akatazama vijiti vyake vya kaboni kama vimelika; vilikuwa bado virefu, vizima. Betri ikapakiwa kwenye baiskeli ya mpita njia, ikaenda kuchajiwa kijijini kwa mzee mmoja. Kesho yake ikarudi imejaa, tukasogea mwendo wa nusu saa, gari likafa tena, betri ikarudishwa kijijini. Baba akarudi chini ya gari. Bibi alikaa kwenye ngazi akichambua mchele ambao ulishachambuliwa. Hakulalamika hata kidogo, na nadhani hilo lilimchosha baba kuliko matusi.

Siku ya tatu mzee mchaji betri akaja nayo mwenyewe, amechoka kuiona betri ileile. Alimwamkia bibi, akaingiza kichwa dirishani.

"Mwalimu, hebu zungusha ufunguo." Akatazama. "Taa ya chaji iko wapi?"

Baba akaanza kufuta mafuta vidoleni.

"Altaneta ya gari hili haiamki yenyewe, mwalimu. Inaamshwa na umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo. Bila balbu inazunguka bure."

"Si ninayo mimi!" nikasema kwa furaha, nikafungua pindo. Nilitegemea sifa.

Baba aliinamisha kichwa. Bibi aliacha mchele. Balbu ikarudishwa, ile taa nyekundu ikawaka, gari likanguruma, taa ikazimika, kama baba alivyosema tangu mwanzo.

Kaliua tulifika saa kumi. Dada yake bibi alikuwa amezikwa jana yake.

Msibani, binti wa marehemu hakuweza kujizuia. "Mama mdogo, amekungoja siku mbili anauliza kama umefika. Mlikuwa wapi?"

Baba alikuwa ameketi karibu na mlango, anasikia yote.

"Ni mimi, mwanangu," bibi akajibu. "Mwili huu haujui tena safari. Kila hatua niliwasimamisha nipumzike."

Nikafungua mdomo kusahihisha. Bibi akanifinya paja chini ya kanga, finyo la kuona nyota. Nikaangua kilio, wanawake wakasema mtoto ana huruma, wakaniletea chai ya sukari nyingi.

Kwa miaka nilimhesabu bibi kuwa mwongo. Ilibidi nami niwe na mkwe ndipo nielewe. Kule Kaliua walimlaumu mpaka alipokufa, kwamba alipenda kupumzika kuliko kumuaga dada yake, naye aliwaacha waseme. Hakumtaja baba, hata mbele ya mama. Sijui kama mimi ningeweza.

Siku tulipomzika bibi, baba alilia kuliko watoto ambao bibi aliwazaa mwenyewe, hadi watu wakanong'ona, huyu ni mkwe wa namna gani. Mimi nilimshika mkono tukarudi nyumbani polepole.