Jina Nililoandika pa X4

Mimi ndiye. Citoyen Bolamba iko bila kosa, na mimi ninakula wali nyumbani, ninanyamaza.

Tonton, mujomba wangu, anatafuta diploma ya kilimo. Alifanya hesabu kubwa kuhusu mavuno ya mupunga: kila jambo linalogusa mavuno akaliita kwa alama, X1 mpaka X7, na kila alama ikapata namba ya kuonyesha kama inaongeza mavuno ao inapunguza. Kwa kuwa mukono wangu iko muzuri, akaniambia nichague zile nne zenye uzito, niondoe X, niandike maneno ambayo kila mutu ataelewa, kisha nichore yote kwa wino kwenye karatasi kubwa ya ukutani.

X4 ilikuwa siku ambazo wakulima hawakuingia shambani. Nukta yake ilikaa kushoto kabisa ya sufuri: inapunguza. Bon. Jumamosi ile walitutoa darasani kufyeka majani kule mutaa wa Mangobo mpaka mikono ikachubuka, ile kazi ya lazima ya taifa inayoitwa Salongo. Nikaandika: SALONGO.

Nilicheka peke yangu! Nikawaza, asubuhi nitabandika jina la kweli juu yake. Lakini jioni Bolamba, rafiki ya tonton, alipita na baisikeli, akaibeba karatasi ikiwa imekunjwa, ilale kwake, asubuhi aifikishe pa mutihani wa tonton.

Kesho yake ikafunguliwa mbele ya maprofesa. Watu wakacheka, kisha wakaacha wote kwa mara moja. Mutu mumoja mwenye abacost, ile koti ya watu wa serikali, ambaye hakuna aliyetaka kumujua, akaikunja akaenda nayo. Mutihani wa tonton ukasimamishwa.

Tonton akanikalisha.

"Uliandika nini pa X4?"

"Siku bila shamba, tonton. Naapa."

"Donc, basi, ni Bolamba. Karatasi ililala kwake. Na ile nafasi ya assistant wa maprofesa, naye anaitaka."

Ningeweza kusema palepale. Nikajibu kwamba hata mimi sikupenda namna Bolamba alivyoicheka karatasi jioni ile akiibeba. Uongo juu ya uongo!

Tangu hapo Bolamba ameitwa mara mbili kujibu maswali. Tonton anafunga dirisha mbele ya kuzungumza, anapima kila mugeni kwa macho. Bolamba alipokuja, mimi ndiye niliyetumwa mulangoni kusema tonton hayupo.

"Umuambie tu sikuifungua," akasema.

Sikumuambia.

Na juma hili tonton amenipa grafu mpya nichore. Anasema katika muji huu muzima ananiamini mimi tu.

Vijana wenzangu, mukifanya muchezo kama huu, kubalini kosa siku ile ile, kabla macho hayajamugeukia mwingine. Tonton anasoma ukurasa huu wa vijana katika gazeti kila juma, pa meza yetu. Akifika pa X4 atainua kichwa. Nitakuwa nimekaa mbele yake.