Daftari la Vijito

Miaka ile watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikuwa karani wa masjala katika hospitali moja ya Sumbawanga. Kadi za wagonjwa tulizipanga kwenye droo kufuata kitongoji cha mtu. Baada ya kuhama, mgonjwa akifika anataja kijiji kipya, kumbe kadi yake imelala kwenye droo ya kitongoji cha zamani, nasi tunapekua droo zote. Kutafuta kwa jina ndiyo balaa zaidi, maana majina ya ubatizo yalikuwa machache na Wafipa, wenyeji wa pale, ni wengi.

Mwenzangu, mama mmoja aliyetoka Mbeya, aligundua kwamba watu huchanganya majina ya vijiji, lakini hakuna anayesahau maji aliyochota. Akawa anawauliza wagonjwa mmoja mmoja, akajaza daftari: kijito upande huu, namba ya droo upande ule. Kila kadi mpya nayo ikabidi iandikwe humo, kwa kuwa watu wangeweza kuhamishwa tena. Nilinuna. Nikamwambia anatuongezea kazi juu ya kazi.

"Kuandika ni dakika moja, mdogo wangu," akasema. "Kutafuta je?"

Kutafuta kulikuwa kunakula nusu ya asubuhi, kwa hiyo nikachukua kalamu nikaandika.

Siku moja mwanamke aliletwa kwa lori kutoka upande wa Kate, homa imempanda hata hajitambui. Mumewe alisema kuna sindano ambayo nusura imuue hapa hapa, ila hajui ni dawa gani. Daktari alikuwa na penisilini mkononi. Akaniagiza kadi. Nikakimbilia masjala, mume akinifuata, nikafungua droo ya kijiji chao kipya, hamna kitu.

Mama yule hakuinuka hata kitini. "Baba, kabla ya kuhamishwa mlikuwa mnachota maji wapi?"

Mume akataja kijito. Kidole cha mama kikashuka kwenye daftari, akanitajia droo, na kadi ikawa mkononi mwangu. Ilikuwa na maandishi mekundu: asichomwe penisilini. Nilimwonea fahari mama yule kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote.

Nikakimbia na kadi wodini. Mwanamke akapewa dawa nyingine, akapona. Daktari akanishika mkono mbele ya wauguzi, akasema nimeokoa maisha ya mtu. Mama alikuwa chumba cha pili tu.

"Ni kazi yangu, daktari," nikajibu.